Kujibu Kabla ya Kuulizwa

Mwaka 2008, fundi wa seva aliyetaka kompyuta mpya ndani ya kompyuta aliyonayo aliandika amri ya namna hii, mstari mmoja usiokatika:

vmbuilder kvm ubuntu --suite hardy --flavour virtual --arch i386 --mem 256 --ip 192.168.0.100 --user mwalimu --addpkg openssh-server --mirror http://192.168.0.2:9999/ubuntu --dest /srv/shule

Akishabonyeza Enter, kazi ilikwenda yenyewe. Programu ilivuta vifurushi vya Ubuntu 8.04, toleo lililotoka Aprili 24 mwaka huo, ikavipanga ndani ya faili moja kubwa, ikamwandikisha mtumiaji, ikaweka anwani ya mtandao, kisha ikalihifadhi faili kwenye folda iliyotajwa. Faili hilo mafundi huliita imeji. Ni diski nzima ya mashine pepe, mfumo na programu zake vikiwa tayari, inayosubiri kuwashwa tu.

Kila neno lenye vistari viwili mbele yake ni jibu. Zamani maswali hayo yaliulizwa kwenye skrini, moja baada ya jingine. Unataka toleo gani? Mashine ya aina gani? Kumbukumbu kiasi gani? Mtumiaji aitwe nani? Vifurushi vitoke wapi? Mtu alilazimika kukaa pale, ajibu, asubiri, ajibu tena. Historia ya imeji zinazojijenga ni historia ya kumwondoa mtu huyo kwenye kiti, na ninaisimulia nikiiwaza Nizi kwa sababu nzito. Mahali ambapo umeme una saa zake na mtandao una bei yake, kazi inayomtaka mtu akae akisubiri swali lijalo mara nyingi haimaliziki.

Nizi ipo katika eneo la Djugu, mkoa wa Ituri nchini Congo, kaskazini mwa mji wa Bunia, kwenye nchi ya dhahabu ya Kilo. Kampuni ya Kilo-Moto iliundwa mwaka 1926, ikataifishwa mwaka 1966, na bwawa la Budana kwenye mto Shari lilijengwa kwa ajili ya migodi yake. Umeme ulikuja Ituri ukifuata dhahabu, na hadi leo nyumba nyingi za Djugu hutegemea sola, betri na jenereta. Fundi wa Nizi anayetaka kujenga seva ndogo ya shule au zahanati huanza hesabu yake na mafuta, kisha megabaiti, na mwisho kabisa ndipo anapofikiria programu.

Kujibu kabla ya kuulizwa kulianza mbali sana na Nizi. Aprili 1964 IBM ilitangaza familia ya kompyuta za System/360. Zilikuwa ghali mno kuachwa zikimsubiri mtu afikiri, kwa hiyo kazi ililetwa kwa kadi zenye matundu, na mbele ya kila kazi zilitangulia kadi za lugha ya JCL zilizosema data ipo wapi, matokeo yaende wapi, na mashine ifanye nini kila hatua ikiisha. Kati ya maneno yake kuna moja linalostahili kutazamwa kwa karibu: DISP=(NEW,CATLG,DELETE). Sehemu ya kwanza inasema faili ni jipya. Ya pili inasema kazi ikiisha salama, liingizwe kwenye orodha. Ya tatu inasema kazi ikikwama katikati, lifutwe. Mwandishi wa kadi alikuwa ameamua juu ya ajali kabla haijatokea, na kompyuta ikaweza kufanya kazi usiku kucha bila kumwamsha mtu. Kwangu mimi, hilo la tatu ndilo neno lenye busara kuliko yote katika lugha ile ngumu, na litarudi katika simulizi hili.

Afrika Mashariki ilikutana na kompyuta katika zama hizohizo za kadi. Tanzania ilipata ya kwanza mwaka 1965, ICT 1500 ya Wizara ya Fedha. Mwaka 1974, baada ya hesabu za serikali kuvurugika, serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Mashine hufanya kile ilichoagizwa, na pale walioweza kuandika na kusahihisha maagizo walikuwa wachache, wengi wao wageni.

Wakati IBM ikiuza System/360, kikundi kidogo katika kituo chake cha utafiti mjini Cambridge, Massachusetts, kilikuwa kikihangaika na wazo jingine. Robert Creasy na Les Comeau walianza mwishoni mwa 1964 kuandika mfumo uitwao CP-40. Walitaka kila mtumiaji apewe kompyuta nzima ya kwake, ingawa chuma ni kimoja. Mfumo ulianza kutumika Januari 1967 ukiwa na uwezo wa kuendesha mashine pepe 14 kwa wakati mmoja, kila moja ikiwa na kumbukumbu ya kilobaiti 256. Mtumiaji aliandika amri fupi, mashine yake pepe ikawaka kutoka diski yake pepe kana kwamba ameibonyeza swichi. Agosti 1972 IBM ilitangaza kizazi kilichofuata kwa jina VM/370. Hivyo wazo la mashine iliyo faili tu ni la kale kuliko wengi wa wanaolitumia leo.

Wazo la chaguo lenye kistari lilitoka kwingine, kwenye maabara za Bell ambako Unix ilizaliwa kuanzia 1969. Watu wa Unix walipenda amri fupi, na mabadiliko madogo ya tabia ya amri waliyaandika kwa herufi moja yenye kistari mbele. Kwa muda mrefu kila programu ilisoma machaguo yake kwa namna yake, ikawa vurugu. Mwaka 1985 AT&T iliitoa hadharani getopt, programu ndogo ya kuyasoma kwa utaratibu mmoja, na baadaye watu wa mradi wa GNU wakaongeza machaguo marefu yenye vistari viwili. Kistari cha pili kilileta faida kubwa: mtu anayesoma --mem 256 anaelewa bila kufungua kitabu. Amri moja ya Unix haikufuata mkondo huo. Amri ya dd, ambayo mafundi bado huitumia kunakili imeji kwenye diski, huandikwa if= na of=, mtindo uliochukuliwa kutoka kadi za JCL.

Linux ilipokuja mwaka 1991, na kompyuta za bei nafuu zikajaa vyuoni na maofisini, tatizo la mtu kukaa kwenye kiti lilirudi kwa nguvu. Fundi mwenye kompyuta 50 za maabara alizunguka na CD mkononi akijibu maswali yaleyale mara 50. Red Hat walitengeneza Kickstart, faili la majibu linalosomwa na programu ya kusakinisha. Mwaka 1999 Thomas Lange wa Chuo Kikuu cha Cologne alitoa FAI, mfumo wa kusakinisha Debian bila mtu kugusa kitufe. Debian wenyewe wakaja na preseed katika programu mpya ya kusakinisha iliyotoka na toleo la Sarge, Juni 2005. Mwezi huohuo Congo ilianza kuwaandikisha wapiga kura wake kwa kompyuta, na watu zaidi ya milioni 25 waliingizwa kwenye daftari, kwa vifaa vilivyobebwa hadi vijiji visivyo na umeme. Kazi ya namna hiyo hudai maelfu ya mashine zifanane, kwa sababu ile inayotofautiana ndiyo itakayoharibu takwimu mahali ambapo hakuna wa kuitengeneza.

Mwaka 2003 ni mwaka ambao msomaji wa Ituri anaukumbuka kwa mambo mengine. Mei mwaka huo Bunia ilikuwa vitani, watu wakikimbilia uwanja wa ndege na kambi ya Umoja wa Mataifa, na Juni kikosi cha Umoja wa Ulaya kikiongozwa na Ufaransa kiliingia mjini na kukaa hadi Septemba. Mwaka huohuo Mfaransa Fabrice Bellard alitoa QEMU, programu inayoweza kuiga kompyuta nzima kwa maneno ya mstari mmoja wa amri, na Oktoba watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, wakiwemo Ian Pratt na Keir Fraser, waliwasilisha Xen, programu ya kuendesha mashine pepe kadhaa juu ya chuma kimoja. Nayaweka mambo haya pamoja kwa makusudi. Vifaa ambavyo leo kijana wa Bunia anavitumia bure viliundwa wakati mji wake ukizika watu, na ukosefu wa miundombinu anaopambana nao una mizizi katika miaka ile.

QEMU ilibadilisha mambo kwa njia ya kimya. Mashine ambayo zamani ilihitaji chumba ilielezwa sasa kwa machaguo: -m kwa kumbukumbu, -hda kwa diski, -nographic kwa kuiendesha bila skrini. Diski yenyewe ilikuwa faili la aina ya qcow2, linalokua kadiri linavyojazwa, na linaloweza kuwekwa juu ya faili jingine ili mabadiliko tu ndiyo yaandikwe. Baada ya Avi Kivity na wenzake wa kampuni ya Qumranet kuandika KVM, na KVM ikaingia ndani ya Linux 2.6.20 Februari 2007, mashine pepe hizo zilikwenda kwa kasi inayokaribia ya chuma halisi. Kompyuta ya kawaida ya ofisi ikaweza kubeba nyingine mbili tatu tumboni mwake.

Sehemu inayonigusa zaidi ilitokea barani mwetu. Chris Pinkham, aliyesimamia miundombinu ya kompyuta za Amazon, alitaka kurudi nyumbani Afrika Kusini. Pamoja na Benjamin Black alikuwa ameandika mwaka 2003 pendekezo kwamba Amazon iwauzie watu wengine kompyuta pepe kwa saa. Kampuni haikutaka kumpoteza. Ikamruhusu aanzishe ofisi Cape Town, na huko, pamoja na Willem van Biljon na kikundi kidogo cha wahandisi, aliijenga huduma hiyo, EC2, juu ya Xen. Ilifunguliwa kwa umma Agosti 2006. Kompyuta moja iligharimu senti 10 za dola kwa saa.

EC2 iliipa imeji maisha mapya. Kabla yake, imeji ilikuwa kitu unachokitengeneza mara moja na kukiweka. Sasa kila mteja alihitaji imeji ya kuanzia, na kila mara programu zilipobadilika alihitaji nyingine. Aliyetaka ya kwake aliandika amri tatu: ec2-bundle-vol kuikusanya, ec2-upload-bundle kuipeleka, ec2-register kuiandikisha. Amri ya kwanza ilikata imeji vipande vya megabaiti 10. Ya pili ilikuwa na chaguo la --retry la kujaribu tena kipande kilichoshindikana, na chaguo la --part la kuanzia kipande unachokitaja na kuendelea. Mtu wa mtandao wa kasi hakuwa na haja ya kuyajua machaguo hayo. Kwa mtu ambaye laini yake hukatika, chaguo la --part lilikuwa tofauti kati ya kupeleka imeji na kutoipeleka kabisa, na huwa nawashukuru waliolifikiria. Amazon wenyewe walifungua vituo vyao vya kompyuta Cape Town Aprili 2020, karibu miaka 14 baada ya huduma iliyozaliwa hapo kuanza kuuzwa kwingine.

Mwafrika Kusini mwingine ndiye aliyeleta mfumo uliokuja kujazwa ndani ya imeji nyingi za dunia. Mark Shuttleworth, aliyekuwa ameiuza kampuni yake ya Thawte mwaka 1999 na kusafiri angani mwaka 2002, alitoa Ubuntu ya kwanza Oktoba 2004. Hadi 2011 kampuni yake ya Canonical ilituma CD za Ubuntu bure kwa posta kwa yeyote aliyeomba, popote alipo. Kwa nchi ambako kupakua megabaiti 700 kulikuwa sawa na mshahara, bahasha ile ilikuwa elimu.

Mwaka 2007 Canonical ilitoa Ubuntu iliyopunguzwa hadi mifupa, iliyoitwa JeOS, kwa ajili ya mashine pepe tu. Madereva ya vifaa visivyokuwepo yaliondolewa. CD yake ilikuwa chini ya megabaiti 100, na ikisakinishwa ilichukua chini ya megabaiti 300. Ili kuitengeneza bila kukaa na kujibu maswali, Søren Hansen, Mdenmaki aliyefanya kazi Canonical, aliandika programu ya kujenga imeji, kwanza kwa lugha ya ganda la Unix, kisha akaiandika upya kwa Python kwa jina vmbuilder. Ndiyo ile ya amri niliyoanza nayo.

Hapa inafaa tukae kidogo, kwa sababu uzuri na hatari ya ujenzi wa namna hii vimo ndani ya machaguo yenyewe.

Tuanze na ghala la vifurushi. Chaguo la --mirror huiambia programu vifurushi vichukuliwe wapi. Ukiliacha, vmbuilder huenda kwenye seva za Ubuntu nje, na kila imeji unayoijenga inavuta upya mamia ya megabaiti. Ukiwa na kompyuta moja ofisini inayotunza nakala za vifurushi, kwa programu kama apt-proxy iliyosikiliza kwenye mlango 9999, imeji ya kwanza ndiyo inayolipiwa mtandao, na zinazofuata hujengwa kwa data iliyopo ndani ya nyumba. Lakini --mirror ina mtego. Anwani unayoiandika hubaki ndani ya imeji, kwenye orodha ambayo mashine hiyo itaitumia kujisasisha maisha yake yote. Imeji iliyojengwa Bunia kwa ghala lenye anwani 192.168.0.2, ikipelekwa Nizi ambako hakuna kompyuta yenye anwani hiyo, itawaka vizuri, itafanya kazi vizuri, na haitasasishwa hata siku moja. Kwa hiyo liliwekwa chaguo jingine, --install-mirror, linalotumia ghala la karibu wakati wa ujenzi tu na kuiachia mashine orodha ya kawaida. Maneno mawili yanayofanana hivyo, moja hukuokolea fedha leo na kukuachia shimo la usalama kesho, jingine hukuokolea fedha na kukuacha salama. Sioni somo zuri zaidi la kumfundisha mwanafunzi kwa nini maelezo ya machaguo husomwa hadi mwisho.

Pili, siri. Ukiandika --pass na nenosiri kwenye mstari wa amri, kila mtumiaji wa kompyuta ile anaweza kuliona kwenye orodha ya programu zinazoendeshwa, na litabaki kwenye kumbukumbu ya amri zako. Ukiliacha kabisa, vmbuilder ilimpa mtumiaji wa kwanza nenosiri la kawaida, ubuntu, ambalo dunia nzima ililijua. Njia ya heshima ilikuwa faili la maandishi la usanidi, /etc/vmbuilder.cfg kwa kompyuta nzima au ~/.vmbuilder.cfg kwa mtu mmoja, likiwa na ruhusa za kusomwa na mwenyewe tu. Yaliyo kwenye faili yalitumika kama msingi, na yaliyoandikwa kwenye mstari wa amri yakayashinda. Mpangilio huo ulimruhusu fundi kuweka ya kudumu mahali pamoja, akaandika kwa mkono yale yanayobadilika tu: jina, anwani, kumbukumbu.

Tatu, na hili lilikuwa zito, ufanano. Seva yenye SSH, njia ya kuiingia kutoka mbali, hujitambulisha kwa ufunguo wake, unaotengenezwa openssh-server inaposakinishwa. Ikisakinishwa ndani ya imeji, kila nakala inabeba ufunguo uleule, na aliyeiba wa mashine moja anaweza kujifanya nyingine yoyote. Jibu lilikuwa chaguo la --firstboot, linalotaja hati fupi ya kuendeshwa mashine inapowashwa mara ya kwanza. Ndani yake unaandika kwamba openssh-server isakinishwe hapo, ili ufunguo uzaliwe kwenye mashine yenyewe. Ni kumbukumbu chungu kwamba mwaka uleule, Mei 2008, Debian walitangaza kosa alilolibaini Luciano Bello: tangu 2006 kifurushi chao cha OpenSSL kilikuwa kikitengeneza funguo kwa kubahatisha kidogo mno, kiasi kwamba kwa kila aina ya kompyuta na ukubwa wa ufunguo zilikuwepo takriban 32,768 tu. Ubuntu 8.04 ilikuwemo. Mafundi waliozijenga imeji zao kwa amri iliyohifadhiwa walirekebisha, wakaendesha amri tena, wakapata mpya. Waliozijenga kwa mkono walilazimika kukumbuka walichojibu miezi mingi iliyopita.

Hapo ndipo faida ya mstari wa amri ilipoonekana wazi hata kwa waliouona kama mzigo. Majibu yaliyoandikwa yanaweza kusomwa, kusahihishwa, kupewa mwenzako. Majibu yaliyobonyezwa hupotea jioni ileile.

Zama za vmbuilder hazikudumu. Canonical ilianza kutoa imeji zilizo tayari za wingu, zinazomaliziwa na programu ya cloud-init zikiwashwa. Mwaka 2010 Mitchell Hashimoto alitoa Vagrant, zana ya kuendesha mashine pepe, na Juni 2013 kampuni yake ya HashiCorp ikatoa Packer, ya kujenga imeji. Mwaka huohuo Richard Jones wa Red Hat alitoa virt-builder, inayojenga imeji kutoka violezo vilivyo tayari. Packer inaonyesha jinsi jambo lilivyofikia mbali: ndani ya faili lake kuna boot_command, orodha ya vitufe ambavyo programu yenyewe hubonyeza kwenye skrini ya mashine pepe inapowaka, ikisubiri sekunde zilizotajwa kati ya kimoja na kingine, kana kwamba kuna mtu. Kisha huifungulia mashine hiyo seva ndogo yenye faili la majibu, lile la Kickstart au preseed, na ujenzi unaendelea. Yule mtu aliyekuwa kwenye kiti amekuwa mistari michache ya maandishi.

Na hapa linarudi lile neno la tatu la kadi za JCL. Packer ikikwama, kwa kawaida hufuta kila kitu ilichokijenga, ili usibaki na imeji nusu ukaidhania nzima. Hiyo ndiyo DELETE ya zama za System/360. Lakini ina chaguo la -on-error: ukiandika -on-error=ask, inasimama na kukuuliza kama ifute, iache, au ijaribu tena hatua iliyoshindikana. Kwenye jumba la seva la Ulaya, kufuta na kuanza upya ni dakika chache. Kwenye laini ya simu ya Djugu, kama hatua ya kupakua imeanguka baada ya saa mbili, kufuta ni kutupa fedha za mtu. Wahandisi walichagua jibu linalowafaa walio wengi miongoni mwao, lakini waliacha mlango kwa wengine. Mtu wa Nizi anapaswa kuujua mlango huo kwa jina.

Mtandao wenyewe umekuwa ukiisogelea Ituri polepole. Mwaka 2017 Facebook, Airtel Uganda na kampuni ya BCS zilitangaza kujenga nyaya za mwanga za karibu kilomita 770 kaskazini-magharibi mwa Uganda, ng'ambo ya mpaka wetu. Desemba mwaka huohuo vita vilirudi Djugu, na mamia ya maelfu ya watu wakahama. Mei 2025 mamlaka ya mawasiliano ya Congo iliipa Starlink leseni, baada ya kuipiga marufuku mwaka uliotangulia. Njia zipo zaidi kuliko zamani, lakini bado kila megabaiti ina bei, na faili la kusakinisha Ubuntu Server 24.04 ni zaidi ya gigabaiti 2.

Kwa hiyo usanidi unaofaa Nizi una umbo lake. Katika Packer, iso_urls hupokea orodha ya mahali pa kulitafuta faili la usakinishaji, na hujaribiwa kwa mpangilio ulioandikwa. Cha kwanza kinapaswa kuwa diski iliyo mezani, anwani ya nje iwe ya mwisho. Headless iwekwe true, kwa kuwa ujenzi unaojiendesha hauhitaji kufungua dirisha la mashine pepe. Folda ya akiba, inayotajwa kwa PACKER_CACHE_DIR, iwekwe kwenye diski inayodumu, si kwenye folda ya muda inayofutwa umeme ukikatika. Kwa virt-builder, violezo hupakuliwa mara moja na kutunzwa nyumbani kwa mtumiaji, na chaguo la --cache-all-templates huvileta vyote kwa mkupuo. Lakini vyote ni vingi, na mwenye pochi ndogo ataje kimoja anachokihitaji. Chaguo la --source huelekeza kwenye ghala lolote, hata lililo ndani ya diski ya mkononi, na --no-network huizuia mashine inayojengwa isiutafute mtandao kabisa.

Agizo hili la mwisho linafanana na orodha anayopewa dereva wa lori: kilichosahaulika hakitafika. Ukiijenga imeji bila mtandao, kila kifurushi kiwe kimeshawekwa kwenye diski Bunia, pamoja na vile ambavyo vifurushi vingine huvitegemea, kwa sababu chaguo la --install halifanyi kazi pamoja na --no-network. Mafundi wanaofanya kazi hivi huijenga imeji mara moja mjini, penye laini nzuri, wakiwa na akiba ya vifurushi imewashwa. Wanaitazama akiba imejaa nini, wanaichukua yote, kisha wanarudia ujenzi uleule mtandao ukiwa umezimwa, palepale mjini, kabla ya kupanda gari.

Februari 2025 IBM ilikamilisha ununuzi wa HashiCorp kwa dola bilioni 6.4, na Packer ikaingia katika kampuni ileile ambayo Creasy na Comeau waliiandikia CP-40. Mwaka mmoja na nusu kabla, Agosti 2023, HashiCorp ilikuwa imebadilisha leseni ya programu zake, na wengi wakaanza kuuliza watategemea nini kesho. Kwa fundi wa Ituri nafikiri swali hilo ni la haki, na jibu langu ni kuyatunza majibu yake mwenyewe katika maandishi ya kawaida: faili la preseed, hati ya kuwashwa mara ya kwanza, orodha ya vifurushi. Hayo yanaweza kutumiwa na zana nyingi, hata ndani ya mashine pepe inayoendeshwa na QEMU ya Bellard, ambayo bado ni huru kwa kila mtu.

Na diski ikifika Nizi, kabla jenereta haijawashwa kwa ajili ya ujenzi, amri ya kwanza ni sha256sum -c, ikisoma orodha ya alama iliyoandikwa Bunia. Hiyo kompyuta ya mkononi yenye betri inaiweza. Faili moja likisomeka FAILED, mafuta yabaki kwenye galoni.